Sura ya Saba: Simu Mfukoni, Mgonjwa Kitandani

Je, mtu anaweza kujifunza kumtunza aliyevunjika mfupa kwa kutazama video? Swali hili wanauliza wazazi wanaomlipia mtoto ada ya chuo cha uuguzi. Wanauliza wauguzi wenyewe, hasa wale wa vituo vya mbali ambao hawajaitwa kwenye semina kwa muda mrefu. Anauliza pia ndugu aliyekaa kando ya kitanda, akimwona nesi amesimama dirishani anatazama simu, na asijue kama anasoma au anachati.

Jibu langu ni ndiyo, ila kwa masharti, na masharti hayo ndiyo mada ya sura hii. Tutazungumzia zana za medianuwai, yaani zana za kujifunzia zinazochanganya maandishi, picha, sauti na video, ziwe kwenye simu, kompyuta au televisheni ya wodini.

Tuanzie Kolo. Kolo iko wilayani Kondoa, kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea Babati na Arusha. Wageni huijua kwa michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji wana sababu nyingine za kuijua: vilima, makorongo, ng'ombe wa kukokota mikokoteni, miembe ambayo watoto huipanda msimu wa maembe, na sasa lami. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Tangu hapo mgonjwa wa Kolo anafika hospitali upesi kuliko zamani. Bodaboda nazo zinakimbia kuliko zamani.

Kwa hiyo mguu uliovunjika Kolo huanza safari. Huanzia kwa mwenyeji anayeunga mifupa kwa mabanzi, au zahanati, au kituo cha afya. Ukishindikana hupelekwa hospitali mjini Kondoa, na ukizidi kuwa mgumu hupelekwa Dodoma, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wachache hufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Katika njia yote hiyo, daktari bingwa wa mifupa anaonekana mwishoni tu, na kwa muda mfupi. Muuguzi yupo kila kituo.

Nesi anafanya nini hasa?

Watu wakisikia "kutibu mfupa" hufikiria daktari anayenyoosha mguu, anayefunga P.O.P, lile hogo jeupe gumu, au anayeingiza chuma ndani ya mfupa. Kazi hizo zina mwanzo na mwisho. Kuunga kwa mfupa ni jambo la wiki na miezi. Mtu mzima aliyevunjika paja, akitibiwa bila upasuaji, anaweza kulala kitandani wiki 6 hadi 12 huku mguu wake ukivutwa kwa uzito. Daktari hupita asubuhi na mafaili, na saa zote zinazobaki ni za nesi.

Na mambo mabaya ya mfupa uliovunjika hupenda kutokea katika saa hizo zinazobaki. Nitakaa kidogo kwenye moja, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini namna ya kufundisha ni jambo la mguu kupona au kukatwa.

Mguu chini ya goti una misuli iliyopangwa katika vyumba vinne. Kila chumba kimezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa ndani ya chumba hicho, na msuli huvimba kama maharage yaliyorowekwa ndani ya chupa yenye kizibo. Hakuna pa kutokea. Presha ikipanda, vimishipa vidogo vya damu hubanwa, msuli hukosa hewa, na baada ya saa zipatazo 6 huanza kufa bila uwezekano wa kufufuka. Tuiite presha ya chumba cha msuli. Dawa yake ni upasuaji wa kupasua utando ili msuli upumue, na dawa hiyo ina saa zake. Ikichelewa, kinachobaki ni mguu mlemavu au mguu wa kukatwa.

Nani atakayeigundua? Huanza saa nne usiku, saa sita, saa nane. Dalili ya kwanza ni maumivu makali kuliko ajali yenyewe, maumivu yasiyosikia dawa, yanayozidi nesi anapovinyoosha vidole vya mgonjwa taratibu kwa mkono wake. Baadaye huja ganzi. Hapa pana mtego ambao kila muuguzi anapaswa kuuogopa: mapigo ya damu juu ya unyayo yanaweza kuendelea kusikika vizuri wakati msuli ndani unakufa. Vidole vinaweza kuwa na joto. Nesi aliyefundishwa kwamba "mapigo yakiwepo mguu upo salama" ataandika kwenye faili kwamba hali ni nzuri, na atakuwa amekosea kwa sababu alifundishwa nusu.

Akiigundua, ana mambo ya kufanya kabla daktari hajafika. Amwite daktari mara moja. Hogo lipasuliwe urefu wote, pamoja na pamba na bandeji ya ndani, mpaka ngozi ionekane. Mguu uwekwe usawa wa moyo, usiinuliwe juu zaidi, kwa sababu ukiinuliwa sana damu kidogo inayofika nayo hupungua.

Hilo ni moja. Yapo mengine. Uzito wa kuvuta mguu, ambao katika wodi nyingi ni mfuko wa mchanga, jiwe au dumu la maji, lazima uning'inie hewani saa zote. Mfanya usafi akiusogeza ukagusa sakafu, au ndugu akiunyanyua kwa huruma, mvuto umekufa na mfupa unarudi kupishana. Uzito unaovuta kwa bandeji iliyogandishwa kwenye ngozi usizidi kilo 5 hivi, la sivyo ngozi huchubuka. Visigino na makalio huoza kimyakimya kwa kulala upande mmoja. Mfupa uliotoboa ngozi unahitaji antibayotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na kinga ya pepopunda. Na yupo mgonjwa aliyevunjika paja ambaye siku ya pili anaanza kuhema na kuweweseka. Wengi husema malaria imempanda kichwani. Inaweza kuwa ni chembe za mafuta kutoka ndani ya mfupa zilizoingia kwenye damu na kufika mapafuni na kwenye ubongo, jambo ambalo hutokea zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya kuvunjika.

Karatasi inapoishia

Yote niliyoandika hapo juu yamo kwenye vitabu vya uuguzi. Mwanafunzi huyakariri na kuyajibu kwenye mtihani. Kisha hufika wodini na kukuta kwamba maneno "maumivu makali kuliko kawaida" hayana sura. Kuliko kawaida ya nani? Mgonjwa mmoja hupiga kelele kwa sindano, mwingine ni mzee wa Kirangi aliyelelewa kutolia, anakunja uso tu na kuomba maji.

Hapo ndipo video inapopata haki yake. Kuna mambo matatu ambayo karatasi haiyawezi: muda, mwendo na sauti. Mwalimu anayetengeneza zana ajiulize kwanza kama jambo lake lina mojawapo ya hayo matatu. Kama halina, aandike karatasi nzuri na kuibandika ukutani.

Yanayostahili video, kwa maoni yangu, ni haya:

- Kuvinyoosha vidole vya mgonjwa na kutazama uso wake wakati huohuo, siyo vidole peke yake.
- Kubonyeza kucha na kuhesabu muda wa rangi kurudi, ambao usizidi sekunde 2.
- Kushika hogo bichi kwa viganja. Vidole huacha mashimo yanayobonyea ndani na kutengeneza kidonda kisichoonekana, na hogo huchukua siku 1 hadi 3 kukauka kabisa.
- Watu wawili kumgeuza mgonjwa ambaye mguu wake unavutwa, bila kuupoteza mvuto.
- Mguu uleule ulivyoonekana saa mbili usiku, saa tano na saa nane, picha zikifuatana.

Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Picha tatu za mguu mmoja zikiwekwa kwa mfuatano wa saa zinamfundisha nesi kitu ambacho ukurasa mzima wa maelezo haufikishi: kwamba anachopaswa kukiona ni badiliko. Mguu uliovimba si habari. Mguu uliovimba zaidi kuliko saa tatu zilizopita ni habari, na ili kuijua lazima saa tatu zilizopita mtu awe ameangalia na kuandika.

Dozi za dawa, namba za simu na orodha ya vifaa havihitaji video. Nesi akimtafuta mtu wa kumpigia saa nane usiku hawezi kusubiri msimulizi amalize salamu.

Kuna jambo jingine la picha ambalo watengenezaji wa nje hulisahau. Video nyingi za mafunzo zimepigwa Ulaya na Marekani, juu ya ngozi nyeupe. Msimulizi anasema mguu "umepauka" au "umekuwa wa bluu", na kweli unaonekana hivyo. Muuguzi wa Kondoa haoni hivyo. Juu ya ngozi yetu damu inapopungua, mahali pa kutazama ni chini ya kucha na kwenye unyayo, na kipimo cha kuaminika zaidi ni mguu wa pili wa mgonjwa huyohuyo, ulio mzima, uwekwe pembeni ulinganishwe rangi na joto. Zana isiyoonyesha ngozi nyeusi inamfundisha nesi wetu kutafuta dalili ambayo hataiona kamwe. Hili linahitaji kamera ya simu, mwanga wa dirisha na mgonjwa aliyeridhia. Linaweza kufanyika Dodoma wiki ijayo.

Macho na masikio

Kwa nini picha na maneno vikienda pamoja mtu hushika zaidi? Mtafiti Allan Paivio wa Kanada alieleza, tangu miaka ya 1970, kwamba akili ina njia mbili za kupokea mambo, moja ya maneno na moja ya picha. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, akaendelea kwa miaka mingi kupima jinsi njia hizo zinavyotumika katika kufundisha. Aliyoyapata ni rahisi kuyaeleza, na zana nyingi bado zinayakiuka.

La kwanza, kila njia ina uwezo mdogo. Ukijaza maandishi marefu kwenye skrini huku msimulizi akiyasoma yaleyale neno kwa neno, macho yanasoma, masikio yanasikiliza, na mguu wa mgonjwa ulioko katikati ya skrini hakuna anayeutazama. Bora sauti iseme na jicho liachiwe picha. Maandishi yabaki maneno mawili matatu na mshale.

La pili, pambo linaiba. Muziki unaolia chini ya maelezo, nembo ya mradi inayozunguka, hotuba ya ufunguzi ya mgeni rasmi: vyote hivyo vinachukua nafasi ya kile tulichokuja kujifunza. Napenda Bongo Fleva kama mtu yeyote, lakini somo la hogo lipewe ukimya.

La tatu, vipande vifupi hushinda kipande kirefu, hasa mtazamaji anapoweza kusimamisha mwenyewe. Nesi wa zamu ana dakika chache kati ya mgonjwa na mgonjwa. Video ya dakika 40 kuhusu "utunzaji wa mivunjiko" haitamfaa. Dakika 4 kuhusu kuangalia vidole zitamfaa, na kesho dakika 4 kuhusu kumgeuza mgonjwa.

Kwa ufupi, tuliyoyaona hadi hapa: video itumike kwa mambo yenye muda, mwendo au sauti, ioneshe mwili unaofanana na wa mgonjwa wetu, sauti ieleze na picha ioneshe, visigombane.

Maneno ya maumivu

Mafunzo ya uuguzi Tanzania hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wodini watu huongea Kiswahili. Na bibi wa Kolo anaweza kuwa anafikiri kwa Kirangi na kutafsiri kidogo kidogo kwa ajili ya nesi kijana aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine. Taarifa ya hatari hupita katika milango yote hiyo kabla ya kufika kwenye faili.

Tuseme ni saa saba usiku na nesi anapita na tochi.

"Shikamoo bibi. Vidole unavisikiaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Vimelala."

Nesi asiyefunzwa atafurahi kwamba vimelala, akadhani vimetulia. Bibi amesema ganzi. Mwingine atasema vidole vimekufa, mwingine kwamba anatembelewa na sisimizi, mwingine kwamba mguu si wake tena. Kijana wa bodaboda atasema panachoma kama pilipili. Yote hayo ni taarifa za neva zinazobanwa, na hakuna hata moja inayofanana na istilahi ambayo nesi aliiandika kwenye mtihani.

Ndiyo maana nasema sehemu ya sauti ya zana hizi ni ya thamani kuliko watu wanavyodhani. Zikusanywe kauli za wagonjwa wa kweli, kwa idhini yao, kwa Kiswahili cha Kondoa, Kirangi, Kigogo na Kisandawe, zisomwe upya na wasimulizi, na nesi azisikie mpaka sikio lizizoee. Faili la sauti la dakika 3 ni dogo. Linatumwa kwa bando la kawaida, au linahamishwa simu kwa simu bila intaneti kabisa.

Jambo hili tumelifanya zamani

Anayedhani elimu ya afya kwa medianuwai ni kitu kipya kilicholetwa na simu janja arudi mwaka 1973. Mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya Radio Tanzania vilivyorushwa kwa wiki 12, pamoja na vijitabu vyenye picha, na vikundi vya kusikiliza nchi nzima. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Masomo yalihusu malaria, kichocho, kuhara damu, maji safi na mengineyo.

Siri ya kampeni ile ilikuwa mpangilio. Watu walikaa kikundi, wakasikiliza pamoja, mmoja aliyefundishwa akaongoza mazungumzo, kijitabu kikafunguliwa, na kabla ya kutawanyika wakakubaliana watafanya nini wiki hiyo. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

Kenya nao wana mfano wao. Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, ilianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti kwenda stashahada kwa masomo ya kompyuta, bila kuwatoa kazini. Walengwa walikuwa zaidi ya 20,000, idadi ambayo vyuo vya kawaida vingeihudumia kwa miongo. Masomo yalikuwa kwenye kompyuta, lakini mazoezi ya vitendo yalibaki hospitalini, mbele ya msimamizi.

Nayaweka mawili hayo pamoja kwa sababu yanakubaliana juu ya jambo moja: chombo kilibeba somo, na watu walikutana kulifanyia kazi.

Kutazama hakutoshi

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu wa wauguzi angefaa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu. Baadhi walikirudia kukisoma, wengine walifunga karatasi na kujaribu kukumbuka walichosoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima bila kuangalia walikumbuka zaidi kwa kiasi kikubwa.

Maana yake kwetu ni kwamba nesi anayetazama video ileile mara tatu hujisikia ameelewa, na kujisikia huko kunamdanganya. Video isimame katikati imuulize: mguu huu saa tano usiku, utafanya nini kwanza? Ajibu mwenyewe, kwa sauti au kwa kuandika, ndipo iendelee.

Kisha mkono. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliovunjika paja walikufa kwa wingi njiani kabla ya kufika hospitali. Kilichosaidia kubadilisha hali ni banzi la chuma lililobuniwa na Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891. Lakini banzi lilikuwepo miaka mingi kabla ya vita. Jipya lilikuwa mafunzo: wabeba machela walifundishwa kulifunga kwa hatua zilizopewa namba, wakirudia na kurudia, hata wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, kwa sababu kazi yenyewe ingefanyika gizani. Katika mapigano ya Arras mwaka 1917 vifo vya waliovunjika paja vilikuwa takriban asilimia 16, wakati mwanzoni mwa vita vilikuwa vingi mno.

Wodi ya kituo cha afya inaweza kufanya vivyo hivyo kwa vitu ilivyonavyo. Muuguzi mmoja alale kitandani, afungwe bandeji, mwenzake amgeuze. Chupa ya maji ining'inizwe kwa kamba kuwa uzito, na mtu aisogeze makusudi ili zamu inayoingia itafute kosa. Roli moja ya P.O.P iliyokwisha muda wake itumike kumfunga mwenzako mkono, ili kila mmoja ahisi lile joto linalotoka plasta inapoganda, na siku mgonjwa akishtuka aweze kumwambia kwamba ni kawaida na litapita. Saa moja kwa wiki inatosha: video ya dakika 4, maswali, halafu mikono.

Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linawataka wauguzi waendelee kujifunza ili kuhuisha leseni zao. Ningependa kuona saa kama hizi za wodini, zikiwa na daftari la mahudhurio na msimamizi aliyesaini, zikipewa uzito uleule unaopewa semina ya hotelini.

Kuhusu miwani ya kompyuta inayomweka mwanafunzi ndani ya chumba cha kubuni, na mifupa ya picha za pande tatu inayozunguka, nitasema machache. Ni mizuri, na vyuo vikuu vitaitumia. Kwa kituo chenye umeme wa jua na simu mbili, fedha hizo zinunue kadi za kumbukumbu zenye video za Kiswahili.

Picha ya mgonjwa ni ya mgonjwa

Shirika la SIGN Fracture Care, lililoanzishwa mwaka 1999 mjini Richland, Marekani, na daktari Lewis Zirkle, hutoa vyuma vya kuunganisha mifupa mirefu kwa hospitali za nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Madaktari huweka picha za eksrei kwenye hifadhi yao ya mtandaoni na kupata maoni ya wenzao. Mgonjwa akirudi baada ya miezi, hupigwa picha amechuchumaa. Kuchuchumaa kabisa, uso ukiwa na tabasamu, ni ushahidi mzuri kwamba mfupa umeunga na goti linakunja, na hauhitaji eksrei. Picha moja inamfundisha daktari, nesi na mgonjwa anayefuata kitandani.

Lakini hifadhi hiyo ina utaratibu. Kundi la WhatsApp la wodi mara nyingi halina. Eksrei yenye jina la mgonjwa, kidonda chenye uso wake, vinasafiri kutoka kundi la wauguzi hadi kundi la ukoo kwa kugusa skrini mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Utaratibu wa chini kabisa uwe huu: mgonjwa aombwe idhini na aelezwe picha inakwenda wapi, jina lifunikwe kabla ya kupiga, uso usionekane isipokuwa ametaka mwenyewe, na picha ifutwe kwenye simu binafsi baada ya kuhifadhiwa panapostahili. Akikataa, atunzwe vilevile kama angekubali.

Ndugu kando ya kitanda

Nimezungumza muda wote kana kwamba nesi yuko peke yake na mgonjwa. Kwa kweli usiku yuko peke yake na wagonjwa wengi, na kila mgonjwa ana ndugu aliyelala chini kwenye mkeka. Ndugu huyu humlisha mgonjwa, humwogesha, humshika mkono, na ndiye anayeunyanyua uzito kwa huruma. Ndiye pia atakayeamua, maumivu yakizidi, kama mgonjwa atolewe hospitali arudishwe kwa muunga mifupa wa kijijini. Wapo waunga mifupa wenye busara. Wapo pia wanaokaza mabanzi mpaka mkono unakuwa mweusi.

Kwa hiyo zana bora ya nesi wa mifupa ni ile anayoweza kumwonyesha ndugu huyo pia. Dakika 2 tu, kwa Kirangi au Kiswahili chepesi: uzito huu usiguse chini, usiunyanyue, usiingize kijiti ndani ya hogo hata pakiwasha, msaidie kupeleka kisigino pembeni ya godoro kila baada ya muda, mwambie achezeshe vidole vyake, na wewe utazame. Baada ya kuonyesha, nesi amwombe ndugu amwonyeshe yeye, kwa mikono yake, na asahihishe pale pale. Na kabla hajaenda kitanda kingine ahakikishe jambo moja limeeleweka: vidole vikigoma kusogea, au maumivu yakizidi wakati dawa imeshatolewa, amwamshe nesi hata kama ni saa tisa usiku, na hata kama alishamwamsha saa nane.